KIJANA ALIYEANGUKA SAFUNI: NENO KWA VIJANA WA MAZOEZI NA WAZAZI WAO

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita, siku ya Jumatano, tukiwa katika swala ya Alasiri, rakaa ya tatu, nilisikia kishindo nyuma yangu. Mtu ameanguka. Jirani yake alikata swala akamshika kichwa, na kwa wale walionifuata baadaye kuuliza: ndiyo, alifanya sawa. Swala inarudiwa.

Aliyeanguka ni kijana wa miaka 20 ninayemfahamu tangu anakuja madrasa ameshikwa mkono na dada yake. Midomo ilikuwa imepasuka. Tulipomfungua kanzu apate hewa tukakuta ndani amevaa mfuko wa nailoni, ile ya taka, umetobolewa pa kupitisha kichwa na mikono. Alikuwa ametoka kukimbia njia ya Raskazone saa nane mchana, kwa jua la Tanga mnalolijua, na mfuko huo mwilini, na hajanywa maji tangu jana yake asubuhi. Ijumaa alikuwa apimwe uzito, Jumamosi apande ulingoni. Siku tisa kabla ya hapo alikuwa na kilo 64. Promota anamtaka kwa kilo 57.

Alhamdulillah, yuko hai. Alitundikiwa dripu, akalala hospitali siku mbili, pambano likampita. Promota alipiga simu kudai hela ya utangulizi kabla hata dripu haijaisha. Sitaongeza neno juu ya bwana huyo.

Nitaongeza neno juu yangu mwenyewe. Mwezi mzima kabla ya hapo kijana huyu alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, na mimi nilimsifu mbele ya darsa. Nikasema, mtazameni mwenzenu, anapiga ngumi lakini sunna haimpiti. Nilipokuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake alinivuta mkono akaniambia kwa sauti ya chini: "Shekhe, ile saumu yangu ilikuwa ya kilo. Je, ipo au haipo?"

Nilimwambia apumzike kwanza. Ukweli ni kwamba nilihitaji muda.

Sasa nimepata muda, na nimeona nijibu hapa, kwa sababu si swali la mtu mmoja. Tangu siku ile wamenifuata vijana wanne wa ngumi na mmoja wa karate, kila mmoja kwa wakati wake, wakinong'ona jambo lile lile.

Kuhusu nia: mtu akifunga kwa ajili ya Allah na ndani yake akatarajia pia faida ya mwili, wanavyuoni wengi hawaibatilishi saumu yake, ila malipo yake yanakwenda na uzito wa kile kilichomsukuma. Mtu asiyekusudia ibada kabisa, anayekusudia mzani tu, huyo ameshinda na njaa. Lakini kwa kijana wetu tatizo halikuwa alfajiri aliponuia. Tatizo lilikuwa magharibi. Adhana ilipokuwa inaadhiniwa alikuwa anakula tende moja, anasukutua mdomo na kutema maji, kisha anaendelea kukauka mpaka kesho. Na siku ya tatu yake hata tende hakula. Hiyo si saumu tuliyofundishwa. Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kuunganisha saumu usiku na mchana, na akatuhimiza kuharakisha futari na kutoacha daku. Mwenye kutuamrisha tusile ndiye huyo huyo aliyetuamrisha tule, na akaweka saa. Mzani wa promota hauna adhana. Unakuambia kauka, ukikauka unakuambia bado.

Kwa hiyo vijana, nawaomba msiuite ule ukaushaji jina la saumu. Na sisi maimamu tusimsifu kijana aliyekonda kabla hatujamuuliza anafuturu nini. Mimi sikuuliza.

Nimesoma sekondari tu, si daktari, lakini jambo hili nimelifuatilia kwa watu wanaojua na naweza kulieleza kwa lugha yetu. Jasho si mafuta. Kilo tatu zinazotoka ndani ya mfuko wa nailoni kwa siku moja ni maji, na maji hayo yanatoka kwenye damu na kwenye nyama za mwili. Damu inapungua maji, moyo unalazimika kupiga mbio kuisukuma, na mwili unapoteza njia yake ya kujipoza, maana jasho ndilo feni letu, na mfuko umelizuia lisikauke. Wataalamu wa michezo wanasema mtu akipoteza maji ya asilimia mbili tu ya uzito wake, uwezo wake unaanza kushuka. Kwa kijana wa kilo 60 hiyo ni karibu kilo moja na robo. Huyu wetu alikuwa anatafuta saba.

Mtaniambia, shekhe, wakubwa wote wanafanya hivyo. Ni kweli, na wakubwa wamekufa nalo. Mwaka 1997 kule Marekani wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walikufa, wote ndani ya wiki zisizozidi sita, wote wakikimbiza uzito ndani ya nguo za mpira na vyumba vya joto. Baada ya hapo vyuo vikapiga marufuku hizo nguo za mpira na vyumba vya mvuke kwa kazi hiyo, na upimaji ukasogezwa karibu na muda wa mchezo ili mtu asipate usiku mzima wa kujidanganya. Desemba 2015 kijana wa Kichina, Yang Jian Bing, mwenye miaka 21, alikufa Manila akipunguza kilo kwa pambano la ONE Championship. Waandaaji wakabadili kanuni: wakaanza kupima hata mkojo kuhakikisha mpiganaji hajakauka. Makampuni ya biashara ya ngumi, ndugu zangu, yamekubali kupima mkojo kulinda uhai, na sisi tunamwachia kijana mfuko wa taka.

Na yule mnayempenda nyote, Khabib Nurmagomedov, ambaye picha yake na lile kofia la manyoya nimeiona kwenye simu za nusu ya wanafunzi wangu. Machi 2017 alikuwa apigane na Tony Ferguson kule Las Vegas. Siku ya kupima uzito hakufika kwenye mzani, alikuwa amepelekwa hospitali kwa sababu ya kupunguza kilo, na pambano likafutwa. Bingwa, mwenye kocha ambaye ni baba yake mzazi, mwenye wataalamu pembeni. Wewe unayejikausha peke yako chumbani Makorora una nani?

Haya. Nyuma ya madrasa yetu pana kiwanja kidogo. Vijana wameweka vyuma vyao pale: makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, tairi la lori, begi la turubai lililoshindiliwa matambara, na bomba lililofungwa kwenye mwembe la kujivutia. Baada ya tukio lile wazee wa kamati wamesema vyuma vitolewe. Hoja zao nazijua na naziheshimu. Kelele wakati wa darsa la kina mama. Kaptula zinazoonyesha mapaja hatua kumi kutoka kwenye mihrabu. Na kubwa zaidi, kwamba ngumi zenyewe zina neno katika sheria, sasa msikiti unalea nini?

Hoja ya kaptula sina la kubishana. Uchi wa mwanamume unajulikana mipaka yake, na bukta ndefu inauzwa bei ile ile na fupi. Kelele nazo zina saa zake, zitapangwa.

Hoja ya ngumi sitaificha, maana kuna masheikh wa mitandaoni wanaoizunguka ili wasipoteze wafuasi. Mtume (s.a.w.) alikataza kupiga uso. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita lilipokutana Makka lilitoa uamuzi kwamba ngumi kama zinavyochezwa leo, ambapo kila mmoja anahalalishiwa kumdhuru mwenzake, ni haramu, na ile mieleka huria inayoruhusu kuumizana nayo ikawekwa humo humo. Huo ndio uamuzi, na mimi niko nao. Nilikuwa mtoto Muhammad Ali alipokuja Dar es Salaam mwaka 1980, watu wazima walikuwa wakimtaja kama wanavyotaja mtu wa nyumbani. Miaka minne tu baadaye madaktari wakamwambia ana Parkinson, na alitetemeka mpaka alipofariki mwaka 2016. Allah amrehemu. Ngumi za kichwani zinahusishwa na maradhi ya aina hiyo, na mtu aliyempenda Ali hawezi kujifanya hakuona ile mikono.

Lakini pia mimi ni mtu wa mji huu. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wetu alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, Uingereza, mtaa wetu ulilipuka, na mimi, msinicheke, nilifungua dirisha nikauliza nani kashinda. Kijana wa Tanga asiye na kazi akiona vile, utamwambia nini? Ukimfukuza nyuma ya madrasa hataacha ngumi. Atakwenda kwenye jimu ya uchochoroni ambako kocha anauza sindano za misuli na hakuna anayemuuliza kama amekunywa maji. Hizo sindano, kwa faida ya wazazi, ni homoni za kiume. Zinavimbisha misuli kweli, na zinanyamazisha kiwanda cha mwili chenyewe, mapumbu yanasinyaa, mbegu zinapungua, moyo unanenepa vibaya. Kijana anatafuta uanaume anakuja kuukosa ndani ya ndoa.

Rai yangu ni kwamba vyuma vibaki. Nguvu na ngumi ni vitu viwili. Mnaijua hadithi ya muumini mwenye nguvu kuwa bora na kupendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, ingawa kila mmoja ana kheri. Najua wanaosema nguvu hiyo ni ya imani, na ni sahihi kwamba imani ndiyo asili yake. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo alishindana mbio na Bi Aisha, na imepokewa kwamba alimwangusha Rukana, mtu aliyejulikana Makka kwa mieleka. Mwili haukuachwa nje ya dini. Na mtu aliyebeba maiti ya mtu mzima kutoka Ngamiani mpaka makaburini anajua ninachosema, vijana wetu wa siku hizi wanapokezana jeneza kila hatua ishirini.

Sasa, mazoezi ya nguvu yafanywe vipi? Hapa namwachia mzee mmoja katika jamaa zetu wa msikitini, mstaafu wa jeshi aliyefundisha mazoezi miaka mingi. Vijana wanamwita Afande. Nilikaa naye baraza mbili baada ya Isha na kalamu mkononi, na nimepata elimu ambayo ningeipata mapema, nisingesifu kukonda.

Jambo la kwanza lilinishangaza. Alisema misuli haikui wakati unanyanyua chuma. Wakati unanyanyua unaichana. Inakua ukiwa umelala, ikipata chakula na maji, na inakua kidogo zaidi ya ilivyokuwa ili mara nyingine iweze mzigo ule. Kwa hiyo kijana anayebeba vyuma siku saba kwa wiki, analala saa nne na anakula mihogo mitupu, anabomoa nyumba na kumfukuza fundi. Siku mbili au tatu za vyuma kwa wiki zinatosha, na sehemu ya mwili iliyofanyishwa kazi leo ipate siku moja au mbili za kupumzika.

Jambo la pili ni mzigo. Unaongezwa taratibu, kilo moja au mbili, baada ya ule wa kwanza kuwa mwepesi, siyo baada ya mwenzako kukucheka. Nikakumbuka tulivyofundishwa kwamba amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Sisemi hadithi ile ilikuja kwa ajili ya vyuma. Nasema aliyeumba nafsi ndiye aliyeumba misuli, na tabia zao zinafanana. Afande aliniambia amewahi kuona kijana aliyejitosa siku ya kwanza kuchuchumaa na mzigo mara mia kadhaa kwa ubishi, kesho yake akakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni misuli iliyovunjika na kuingia kwenye damu, na figo ndizo zinazoumia. Ukiona mkojo huo, hospitali siku hiyo hiyo, usingoje dua yangu.

La tatu, anasema ngumi inaanzia mguuni. Vijana wanavimbisha mikono na vifua kwa ajili ya picha, na miguu kama fito. Nguvu ya pigo inatoka kwenye ardhi, inapanda nyonga, inazunguka kiunoni, mkono unaipeleka tu. Kwa hiyo kuchuchumaa na mzigo, kunyanyua kutoka chini huku mgongo umenyooka, kujivuta kwenye bomba, kubeba mfuko wa mchanga na kutembea nao. Shingo nayo isisahauliwe. Haya yanamfaa bondia, mchezaji mpira, mbeba magunia wa sokoni na mtu atakayesimama tarawehe mwezi mzima.

La nne ni pumzi, na hapa alicheka. Anasema kijana anakimbia kilomita kumi kila alfajiri kwa mwendo mmoja, halafu raundi ya tatu amefungua mdomo kama samaki. Raundi ni dakika tatu, mapumziko dakika moja. Basi mwili ufundishwe hivyo: dakika tatu za nguvu kwa kuruka kamba, tairi au mbio fupi, dakika moja ya kupumua, kisha rudia. Mbio ndefu za taratibu zina kazi yake ya kujenga moyo, lakini haziwezi kufanya kazi yote.

Chakula. Wazazi, hapa ni penu. Hesabu wanayoitumia wataalamu kwa mtu wa mazoezi mazito ni takriban gramu moja na nusu ya protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijana wa kilo 60 anahitaji kama gramu 90. Yai moja lina kama sita, glasi ya maziwa kama nane, bakuli la maharage kama kumi na tano, na dagaa wakavu ni hazina tunayoidharau kwa sababu ni rahisi. Hakuna haja ya makopo ya unga wa kigeni yanayouzwa bei ya mbuzi. Mama anayepika maharage na dagaa, na machungwa ya Muheza pembeni, ameshamfanyia mwanawe zaidi ya lile duka.

Na Ramadhani? Swali hili linakuja kila mwaka. Fungeni, na mfanye mazoezi. Mazito yawe baada ya futari, au baada ya tarawehe kwa mwenye nafasi. Mchana, kama ni lazima, iwe kidogo na wepesi, saa ya mwisho kabla ya Magharibi, ili maji yawe karibu. Punguzeni wingi, msiache kabisa. Hakeem Olajuwon alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa Marekani akiwa amefunga, na Februari 1995, mwezi ambao karibu wote ulikuwa Ramadhani, akatajwa mchezaji bora wa mwezi. Lakini alifuturu! Alikula daku! Huyu hakuunganisha.

Kwa anayetaka kupigana uzito wa chini, Afande anasema kilo zinashushwa kwa miezi, nusu kilo kwa wiki, kwa kupunguza chapati na soda, maji yakiendelea kunywewa. Asiyeweza kufika hivyo, huo si uzito wake. Apigane na watu wa saizi yake, au, na hii ndiyo nasaha yangu kama imamu, aache kupigana vichwa na abaki na nguvu zake. Khabib mwenyewe aliacha mwaka 2020, hajashindwa hata mara moja katika mapambano 29, baba yake alipofariki, kwa sababu alikuwa amemwahidi mama yake. Hakuna aliyemwita dhaifu.

Kamati inakaa Jumapili baada ya Adhuhuri. Nitakwenda na masharti haya: bukta chini ya goti, saa za mazoezi zisigongane na darsa, Afande awe msimamizi, ndoo ya maji ya kunywa iwepo muda wote, sindano na mifuko ya nailoni mwiko, na katika kiwanja kile hakuna kupigana kichwa. Begi la matambara wapige watakavyo, halina ubongo. Mzee mmoja ameshaniambia atapinga, na ni haki yake. Amenizidi umri na aliniswalisha nikiwa mtoto.

Kijana wetu juzi alikuja Alfajiri. Ana kilo 63 na uso umerudi. Nimemjibu swali lake kama nilivyoandika hapo juu, na nikamwambia pia kwamba kosa la kumsifu bila kuuliza ni langu, tumsameheane. Akaniuliza kama Alhamisi afunge. Nikamwambia ale daku kwanza, aje nayo picha.

Maswali yaacheni hapa chini, nitayajibu baada ya Isha in shaa Allah. Wa kinamama wenye watoto wanaokaushwa na makocha wanaweza kunitumia ujumbe wa faragha, au wamfuate mke wangu baada ya darsa.

Wallahu a'lam.